Dereva hukanyaga mafuta, hakanyagi mwendo

Asubuhi moja mwishoni mwa mwaka 2023 nilimchukua jirani yangu garini kutoka Dagoretti Corner hadi katikati ya jiji la Nairobi. Mzee huyu aliendesha malori ya masafa marefu kwa zaidi ya miaka thelathini, kati ya Mombasa, Nairobi na Kampala, na sasa amestaafu. Yeye alikuwa na miadi ya daktari, nami nilikuwa na kipindi cha saa tatu chuoni. Tulikuwa tumechelewa, au angalau mimi niliamini hivyo.

Sikulionea gari huruma. Palipojitokeza upenyo nilichomoka kama mshale. Gari la mbele lilipopunguza mwendo, nilikita breki. Nikachomoka tena, nikakita tena. Mzee hakunena neno. Mikono yake ilitulia magotini, ila mara kwa mara nilimwona akikunja kidole. Tulipofika mwisho wa safari akanigeukia na kusema, "Mwalimu, umepiga breki mara thelathini na nane. Zilizokuwa na haja ni kumi. Hizo nyingine umemwaga mafuta barabarani."

Nilicheka, nikamwuliza breki na mafuta vina udugu gani. Akanijibu bila kucheka: "Nyinyi wenye vyuo mmesema 'kukanyaga mafuta' miaka yote wala hamjalisikia mnalolisema. Ukikanyaga pale, Mwalimu, hukanyagi mwendo. Unakanyaga mafuta. Mwendo ndio unaoununua kwa hayo mafuta. Ukipiga breki umekitupa ulichokinunua."

Naam, mimi niliyekula chumvi ya isimu kwa miaka na mikaka nilifundishwa semantiki na dereva wa lori. Tangu siku hiyo nimelitafakari somo lake, nimelipima kwa hesabu na kulijaribu kwa mguu wangu mwenyewe. Nimeona si haki kulificha, hasa kwa walimu wenzangu walionunua magari kwa mikopo ya vyama vya ushirika, na kwa wanafunzi ambao nauli ya matatu ndiyo huamua kama watapanda au watatembea.

Si haja kumkumbusha msomaji tulikotoka. Julai 2023 ushuru wa thamani ya ziada unaotozwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka huo, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, lita moja ya petroli ikapita shilingi 200, na Oktoba ikafika shilingi 217.36 hapa Nairobi. Bei ilishuka baadaye, lakini tabia ya kuingoja tarehe 14 ya kila mwezi kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani haijatutoka. Siku hiyo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli hutangaza bei mpya, nasi hushangilia au huguna, kisha huwasha magari yetu na kuyaendesha vile vile tulivyoyaendesha jana.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Bei ya mafuta hatuiamui sisi. Huamuliwa na soko la dunia, nguvu ya shilingi yetu na ushuru wa serikali. Tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kila tone tunalolichoma huja likiwa limekwisha kusafishwa ng'ambo. Lakini idadi ya lita tunazozichoma, hiyo kwa sehemu kubwa tunaiamua kwa mguu, na kabla ya mguu, kwa jicho.

VIJIKO VINNE

Wanafunzi wa fizikia na waniwie radhi nikiingia shambani mwao. Lita moja ya petroli ina nishati ya jouli kama milioni 32. Injini ya kawaida hugeuza takriban robo tu ya nishati hiyo kuwa kazi ya kuzungusha magurudumu. Iliyosalia huponyoka kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Kwa hivyo kila lita hutupa jouli kama milioni 8 za mwendo.

Sasa tuchukue gari dogo ambalo, pamoja na waliomo, lina kilo 1,200. Likienda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, nishati ya mwendo wake ni jouli kama 167,000. Gawanya kwa milioni 8, utapata kama mililita 20 za petroli, yaani vijiko vinne vya chai. Kila dereva anapolisimamisha gari hilo kutoka kasi ya 60, anageuza vijiko vinne vya petroli kuwa joto la breki na kulipeperusha hewani. Akiondoka tena na kuirejea kasi ile ile, sharti anunue vijiko vingine vinne.

Zingatia jambo moja zaidi. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari lile lile likienda kilomita 30 kwa saa hubeba kijiko kimoja tu, wala si viwili. Ndiyo maana kuchomoka hadi 60 ili kuifikia foleni iliyoko mita mia mbili mbele ni ubadhirifu mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Unalipa vijiko vinne ili ufike mapema mahali pa kusimama.

Nilizirejea zile breki ishirini na nane zisizo na haja. Tukadirie kwamba kila moja ilipigwa gari likienda kilomita 40 kwa saa, kasi inayobeba kama mililita 9. Jumla ni kama robo lita. Tupunguze nusu nzima, kwa kuwa si kila breki ililisimamisha gari kabisa, na bado inabaki lita moja ya nane katika safari ya kilomita nane hivi. Nenda na urudi kwa siku 22 za kazi, utapata lita tano na nusu kwa mwezi. Kwa wepesi wa hesabu tuchukulie lita moja ni shilingi 180. Hizo ni shilingi 990. Walimu wenzangu wanajua shilingi 990 zinavyoweza kusaidia nyumbani tarehe 25 ya mwezi.

NEEMA YA MTEREMKO

Makazi yetu ya Dagoretti Corner yana fadhila ambayo wengi hatuioni. Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako papa hapa, na kituo chake kipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya jiji ni karibu mita 1,660. Maana yake ni kwamba Barabara ya Ngong, pamoja na panda-shuka zake zote, hututeremsha kiasi cha mita 140 kila asubuhi na kutupandisha mita hizo hizo kila jioni.

Kulipandisha gari la kilo 1,200 mita 140 hugharimu kama sehemu moja ya tano ya lita. Gharama hiyo haikwepeki. Ardhi haina msamaha. Lakini asubuhi ardhi iyo hiyo hukurudishia sehemu ya ulicholipa, mradi uwe tayari kupokea. Anayeteremka huku akikanyaga mafuta kisha breki, mafuta kisha breki, ni kama mtu aliyerudishiwa chenji yake dukani akaitupa mtaroni.

Hupokelewaje? Yule mzee alinifunza kwa maneno machache: "Tazama magari matano mbele, usitazame moja." Ukiona taa nyekundu za breki zinawaka mbali, au tuta, au askari wa trafiki aliyeinua mkono, ondoa mguu kwenye mafuta mapema na ukiache kipande kilichosalia kilimalizwe na gari lenyewe likiwa kwenye gia. Mara nyingi utafika foleni inapoanza kusonga, na hutahitaji kusimama. Gari linalojongea kwa kilomita 15 kwa saa tayari lina kianzio. Lililosimama halina kitu.

Acha pia nafasi ya kutosha kati yako na aliye mbele yako. Wengi husema, "Nikiacha nafasi, mwingine atajipenyeza." Ni kweli, atajipenyeza. Lakini aliyejipenyeza amekuchelewesha kwa sekunde mbili au tatu tu, ilhali nafasi ile imekuondolea breki kumi.

Wakati wa kuondoka, usichomoke wala usijikokote. Ongeza mwendo kwa kiasi, kisha kwa gari la gia za mkono panda gia mapema, kabla injini haijaanza kulia. Injini inayozunguka kwa kasi ndani ya gia ndogo hutumia nguvu nyingi kushindana na msuguano wake yenyewe. Kwa gari la otomatiki, ambalo ndilo wengi wetu tunalo siku hizi, legeza mguu kidogo kasi ikishapatikana. Gari litapanda gia lenyewe. Hapa nataka nieleweke vizuri. Kubana mafuta si kutambaa. Gari linalotambaa kutwa katika gia ya kwanza nalo hula mafuta bila kiasi.

Nje ya jiji adui hubadilika. Barabarani kwenda Nakuru au Mombasa, kinachokula mafuta ni upepo. Upinzani wa hewa nao huongezeka kwa mraba wa kasi, hivi kwamba gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukabiliana na upinzani wa zaidi ya mara moja na nusu ya lile linalokwenda 80. Katika safari ya kilomita 160, mwenda 100 atamtangulia mwenda 80 kwa dakika 24. Kila mtu na aamue mwenyewe kama dakika hizo zina thamani ya anacholipa.

YANAYOSAHAULIKA

Yapo mambo mengine madogo ambayo hayahitaji ustadi wowote. Kwanza ni upepo wa magurudumu. Tairi iliyolegea hujibonyeza na kujikunjua kila inapozunguka, na kazi hiyo hulipwa na tanki. Kwa wastani, kila pauni moja ya shinikizo inayopungua katika magurudumu yote manne huongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha asilimia 0.2. Gari lililopungukiwa na pauni kumi, nayo si ajabu katika barabara zetu, hupoteza asilimia 2 bila dereva kuhisi. Pima asubuhi magurudumu yakiwa baridi, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kile anachokisia anayekujazia.

Pili ni uzito. Kilo 45 za ziada huongeza ulaji wa gari dogo kwa takriban asilimia 1. Nakiri kwamba nilipolifungua buti langu baada ya mazungumzo na mzee nilikuta marobota ya karatasi za mitihani ya miaka miwili, mfuko wa saruji uliokwisha kuganda na jeki mbili. Hali kadhalika, keria tupu juu ya paa hupigana na upepo safari nzima bila kubeba chochote.

Tatu ni kuliacha gari likinguruma limesimama. Nenda kwenye lango la shule yoyote saa kumi jioni utazame magari ya wazazi. Injini ya gari dogo huweza kuteketeza karibu lita moja kwa saa hali haliendi popote. Kuizima na kuiwasha upya hakugharimu zaidi ya mafuta ya sekunde kumi za kunguruma. Basi unayemngoja mtoto kwa robo saa, zima. Ama kulipasha gari moto kwa dakika kumi wakati wa baridi ya Julai, hiyo ni desturi tuliyoirithi kutoka enzi nyingine. Injini za leo huhitaji nusu dakika tu, kisha ziendeshwe kwa upole hadi zipate joto.

AKIBA YA UONGO

Wahenga walinena kuwa rahisi huishia kuwa ghali. Sharti nizitaje mbinu ambazo huitwa akiba ilhali ni mtego.

Ya kwanza ni kulitia gari fri kwenye mteremko, yaani kulitoa katika gia liteleze lenyewe. Madereva wengi wa zamani waliiamini mbinu hii, na katika magari yenye kabureta ilikuwa na chembe ya ukweli, kwa kuwa kabureta iliendelea kuvuta mafuta hata mguu ulipoondolewa. Lakini magari ya leo hunyunyiziwa mafuta kwa amri ya kompyuta ndogo. Ukiondoa mguu gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo huizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa. Ukilitia fri, injini haina wa kuizungusha, hivyo hulazimika kuchoma mafuta ili isizime. Mwenye kutia fri basi hutumia zaidi, tena amejinyima msaada wa injini katika kulizuia gari. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa kushukia Mai Mahiu, breki zilizoachiwa mzigo wote peke yake huchemka na hatimaye hukataa. Yule mzee alinisimulia kuhusu mwenzake mmoja ambaye hakurudi nyumbani kwa ajili ya nusu lita. Hakumaliza kisa hicho, nami sikumshurutisha.

Ya pili ni kuzima injini gari likiwa bado linakwenda. Usukani huwa mzito ghafla na breki hupoteza msaada wake. Ya tatu ni kulifuata lori kwa karibu ili likukinge upepo. Mafuta utakayookoa hayatakufaa lori hilo likisimama ghafla.

Kuna jambo la kufariji hapa. Mbinu za kweli za kubana mafuta ndizo mbinu za kubaki hai: kutazama mbali, kuacha nafasi, kutokimbilia breki, kutopita kiasi. Kila mwaka kati ya 2021 na 2024 barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,000. Dereva anayeendesha kwa kuhesabu vijiko vya petroli bila shaka anazihesabu pia roho, hata kama hajui.

HARAKA NA TARATIBU

Nirudi sasa kwenye lugha, nyumbani kwangu. Tumezoea kusema "haraka haraka haina baraka", na methali hii huibandika hata matatu zinazokimbia kuliko zote. Neno "haraka" tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni mwendo tu, kule kusogea. Ni sisi Waswahili tuliolipokea neno la mwendo tukalifanya la pupa. Pengine hilo linaeleza jambo kuhusu binadamu wote: akianza kwenda, hudhani ni lazima akimbie.

Kinyume cha haraka wengi watakwambia ni "polepole". Mimi ningechagua "taratibu". Neno hili nalo ni la asili ya Kiarabu, na shina lake ni lile lile la "utaratibu", yaani mpango, kila kitu mahali pake na kwa zamu yake. Mtu anayekwenda taratibu si lazima awe mzito. Ni mtu aliyeupanga mwendo wake. Dereva wa polepole anaweza kuwa kero barabarani. Dereva wa taratibu anafika karibu wakati ule ule na mwenye pupa, ila yeye hajatoka jasho.

Nimelithibitisha hilo kwa daftari. Kila nilipojaza tanki niliandika kilomita na lita. Kabla ya somo la mzee gari langu lilikwenda kama kilomita 10 kwa lita. Baada ya miezi miwili lilipita 11 kidogo. Muda wa kufika chuoni haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Hata hivyo, lazima niseme ukweli wote. Msimu wa mitihani ulipofika na shughuli kunizonga, pupa ilinirudia, na daftari likanisuta. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimeonyesha hali hiyo hiyo: madereva waliofunzwa huokoa asilimia 5 hadi 15 ya mafuta mara baada ya mafunzo, kisha faida hufifia wasipokumbushwa. Mwalimu yeyote anaufahamu ugonjwa huu. Ni ule wa mwanafunzi asiyedurusu.

MATATU NA HESABU YA SIKU

Yupo msomaji ambaye bila shaka ananiuliza: haya yote yatamfaa nini dereva wa matatu? Swali ni la haki, maana wengi wetu husafiri kwa matatu za Ngong, Karen na Kawangware, si kwa magari yetu.

Nilimwuliza dereva mmoja swali hilo pale steji ya Dagoretti Corner. Alinijibu kwa hekima inayoumiza: "Mwalimu, haya unayosema nayajua. Lakini nikiacha nafasi na kwenda taratibu, wa nyuma atanipita na kuwabeba abiria wangu wote hapo Adams. Jioni mwenye gari anataka pesa yake. Mafuta tumelipa sisi. Kinachobaki ndicho ugali wangu na wa manamba wangu."

Hapa ndipo panapouma. Mafuta ya matatu hutoka katika mapato ya siku, na wahudumu hujigawia masalio baada ya mwenye gari kupata fungu lake lililopangwa. Dereva huyu analipia kila kijiko cha petroli kwa chakula cha wanawe, na bado analazimika kukimwaga, kwa kuwa mpango mzima wa kazi yake unamtuza mwenye pupa. Ni ukatili kumhubiria dereva wa namna hiyo juu ya mguu mwepesi.

Si kwamba hatujajaribu. Kanuni za marehemu waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Zilikusudiwa kuokoa maisha. Kwa hesabu ya upepo niliyoieleza hapo juu, ziliokoa na mafuta. Kanuni za mwaka 2014 nazo ziliwataka wenye magari kuwaajiri wahudumu kwa mkataba na mshahara wa mwezi. Zingetekelezwa kwa dhati, dereva angekuwa na sababu ya kutulia, kwa kuwa abiria aliyebebwa na gari la nyuma hangekuwa tena tonge lililonyakuliwa kinywani mwake. Lakini hesabu ya siku ingali inatawala steji zetu. Ninaamini kuwa kuikomesha kungeokoa petroli nyingi kuliko makala mia kama hii.

Aidha, barabara nayo ina mchango wake. Barabara ya Ngong ilipopanuliwa kwa awamu kuwa ya njia mbili kila upande, kusimama kulipungua katika sehemu kadhaa. Lakini mahali ambapo matatu hazina kituo na wachuuzi hawana soko, njia iliyopanuliwa hugeuka kuwa steji, nasi sote hurudia kukita breki.

WALIMU TUNAWEZA NINI?

Nina mapendekezo matatu. La kwanza linahusu shule za udereva. Aliyewahi kujifunza gari nchini mwetu anaikumbuka ile meza yenye mfano wa mji, ambapo mwanafunzi husogeza kigari cha kuchezea na kueleza atakavyouzunguka mzunguko. Tunamfunza nani ana haki ya kutangulia. Hatumfunzi namna ya kuutazama mwendo kama mali. Uholanzi ilianzisha mpango wa kitaifa wa uendeshaji wa aina hii mwaka 1999. Uingereza iliingiza kipengele hicho katika majaribio ya udereva mwaka 2008. Mtahini humweleza mtahiniwa makosa yake ingawa hamwangushi kwayo. Mamlaka yetu ya Usafiri na Usalama Barabarani ingeweza kufanya hivyo bila gharama kubwa. Meza ya mfano wa mji tayari ipo, kinachokosekana ni swali moja zaidi: "Hapa ungeondoa mguu wapi?"

La pili ni la mwalimu wa fizikia. Badala ya kuwapa wanafunzi mpira unaobingirika katika mteremko usio na jina, wape matatu inayoteremka kutoka Dagoretti Corner hadi mjini. Wahesabu vijiko. Kisha waelezwe kwamba lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya kaboni, nzito kuliko petroli yenyewe, kwa kuwa kila chembe ya kaboni hujichukulia oksijeni kutoka hewani. Watakaoyafahamu hayo wakiwa kidato cha tatu hawatahitaji kuambiwa mara mbili watakapokabidhiwa usukani. Wala wasidhani magari ya umeme yatalifuta somo hili. Mabasi ya umeme yalianza kuonekana Nairobi mwaka 2022, na mitambo yake hurudisha sehemu ya nishati ya breki kwenye betri. Lakini ni sehemu tu. Dereva mwenye pupa atamaliza betri kama alivyomaliza tanki.

La tatu ni letu sisi wa Kiswahili. Tunalalamika kwamba wanafunzi huiona lugha kuwa mambo ya mashairi na ngeli tu. Basi siku moja tuwatume steji wakakusanye msamiati wa madereva: kukanyaga mafuta, kukita breki, kutia fri, kupanda gia, kubana. Watarudi na mali. Watagundua, kama nilivyogundua mimi kwa kuchelewa, kwamba watu wanaoitumia lugha kazini huweka maarifa ndani ya maneno, na kwamba maneno hayo huweza kumkalia msomi mdomoni miaka ishirini asiyaonje.

Wiki iliyopita nilimchukua tena mzee wetu kwenda kwa daktari. Tuliondoka mapema, na tangu Dagoretti Corner hadi mjini nilikuwa nikimtupia jicho magotini kuona vidole. Tulipofika nikamwuliza ni mara ngapi. "Kumi na sita," akasema, kisha akafungua mlango na kutoka polepole, akishikilia fremu. "Lakini ile ya pale Prestige ulikuwa na haki nayo. Yule mtoto alivuka bila kutazama."